Mkimbizi dakhalia: tunayoyasema na yalivyo

"Anajua Kiswahili, atakuwa na shida gani?" Hili ndilo linalosemwa zaidi kuhusu wanafunzi waliokimbia Kongo wakaja kusoma vyuo vyetu vya Zanzibar na kuishi dakhalia, yaani bweni, na ndilo la mbali zaidi na ukweli. Kiswahili cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni Kiswahili, ila si cha Mji Mkongwe. Kijana anasimama kuwasilisha kazi ya kikundi, anatamka "batoto", safu ya nyuma inaangua kicheko. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini tangu siku hiyo kazi huandika yeye, kusema wakasema wenzake. Sisi Waunguja tuna maradhi hayo: kwa kuwa Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, tunajiona tumekabidhiwa funguo za lugha. Mpemba mwenyewe akifika mjini hutaniwa!

"Ana kiwewe, apelekwe kwa mshauri." Wapo wanaohitaji, na mlango uwe wazi. Mara nyingi, hata hivyo, kinachomkosesha usingizi ni karatasi: fomu inayodai cheti cha kuzaliwa kilichoungua pamoja na nyumba, au barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, wakati hana shehia. Karani anayejua mapema hati ipi nyengine inakubalika humpunguzia mengi.

"Wote wanasomeshwa bure." Kwa hesabu ya 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, takriban 7% tu ya wakimbizi duniani wenye umri wa chuo ndio waliokuwa vyuoni. DAFI, ufadhili wa UNHCR kwa wakimbizi wanaosoma vyuoni, upo tangu 1992, ila wanaougombea ni wengi kuliko nafasi.

"Ukimbizi ni mambo ya bara." Tumesahau upesi. Baada ya waandamanaji kuuawa hapa Zanzibar Januari 2001, Wazanzibari wapatao 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka hadi Shimoni, Kenya, wakaandikwa wakimbizi.

"Mgeni asisumbuliwe." Huruma hii ndiyo inayomtenga. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: aingie kamati ya dakhalia, apewe zamu ya kupika futari hata kama hafungi. Kupokea tu kila siku kunachosha.

Kisha kuna mkesha wa Sikukuu. Wenzake wamefunga mabegi kuwahi boti ya Pemba, jikoni pamefungwa, amebaki yeye na mlinzi. Hata akiwa Mkristo, pilau ya Idi haiulizi dini. Lakini "karibu siku yoyote" si mwaliko, hatokuja. Aambiwe apande daladala ipi, ashuke wapi, na nani atamsubiri barabarani.