Je, wajua jinsi 2,147,483,647 ilivyothibitishwa kuwa nambari tasa bila mashine?

Mwanafunzi wa sekondari mjini Kisumu akiulizwa kama 91 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, atajaribu 2, 3 na 5, kisha atafika 7 na kuona kwamba 91 ni 7 mara 13. Sasa apewe 2,147,483,647. Nambari hii ni tasa, na mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, tena akiwa amekaribia kupofuka kabisa.

Kwa njia ya kawaida, kazi ingekuwa kubwa mno. Nambari ikigawanyika, angalau kigawanyo chake kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Na chini ya hapo zipo nambari tasa zaidi ya 4,700 za kujaribiwa. Kilichomsaidia Euler ni umbo la nambari yenyewe, kwani hupatikana kwa kuzidisha mbili 31 pamoja (2 × 2 × 2 na kuendelea), kisha kutoa 1.

Kwa kuwa 31 ni tasa, kila kigawanyo tasa cha nambari ya umbo hilo, kikitolewa 1, lazima kigawanyike kwa 31. Tujaribu kwa nambari ndogo: mbili 11 zikizidishwa pamoja na kutolewa 1, tunapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Tukitoa 1 katika kila kigawanyo, tunapata 22 na 88, na zote mbili zinagawanyika kwa 11. Tena kigawanyo kama hicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7, nazo 23 na 89 zinatii sharti hilo pia. Masharti hayo mawili yakiunganishwa kwa 31, kigawanyo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Nambari za namna hiyo chini ya 46,341 hazifiki 400, na zilizo tasa miongoni mwake hazifiki hata 100. Hakuna hata moja inayoigawanya. Kwangu mimi, ustadi mkubwa wa Euler ulikuwa kujua hesabu zipi hazina haja ya kufanywa.

Umbo hilohilo limeiingiza nambari hii katika kompyuta. Katika nafasi 32 za tarakimu 0 na 1, moja huachiwa alama ya hasi, na zile 31 zilizobaki zikijaa 1 tupu, thamani yake ni 2,147,483,647. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, na yenye nafasi 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kenya. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka hasi, na saa isiyorekebishwa itarudi hadi Desemba 1901, mwezi uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Ndiyo sababu watengenezaji wa programu wanahamia nafasi 64, ambazo sekunde zake zinatosha miaka bilioni 292.