Solange si "malaika wa jua"

Wengi huamini kwamba jina la kike Solange limeundwa kwa maneno mawili, "sol" la Kilatini, yaani jua, na "ange" la Kifaransa, yaani malaika. Tafsiri hiyo inapendeza, na matamshi yanaiunga mkono, lakini historia inaikataa. Jina hili limetokana na Sollemnia la Kilatini, lenye mzizi mmoja na neno lililotumika kwa ibada na sikukuu zilizoadhimishwa kwa taratibu za dini. Mwisho wake ulifanana na neno la malaika kwa sadfa tu, baada ya matamshi kubadilika kwa karne nyingi.

Lilienea kwa heshima ya Mtakatifu Solange, mchunga kondoo wa karne ya 9 karibu na mji wa Bourges nchini Ufaransa, ambaye masimulizi yanasema aliuawa kwa kumkataa mwana wa mtawala, kisha akakibeba mwenyewe kichwa chake kilichokatwa. Huadhimishwa tarehe 10 Mei, na wakulima wa Berry, eneo la Bourges, walimwomba mvua wakati wa ukame, kazi ya ajabu kidogo kwa malaika wa jua. Ufaransa ya leo haiwapi watoto wachanga jina hili mara nyingi, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo akina Solange bado wapo.