Aloi za Kusubu Meno: Metali Iliyo Ndani ya Taji, Daraja na Fremu

Mtu aliyevishwa taji la jino, au aliyewekewa daraja la kuziba pengo, huona kwenye kioo rangi na umbo tu. Asichokiona, na ambacho mara nyingi haambiwi, ni metali iliyo chini ya kauri ile nyeupe, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wa kutafuna na ndiyo itakayolowa mate usiku na mchana kwa miaka mingi. Metali hiyo karibu kamwe haiwi ya aina moja safi. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali mbili au zaidi, na huitwa aloi ya kusubu kwa kuwa imeandaliwa ili iyeyushwe, imiminwe ndani ya kalibu iliyochukua umbo kamili la kazi inayotakiwa, na igande humo. Kwa njia hiyo hutengenezwa mataji, madaraja, vijazo vinavyosubiwa nje ya kinywa kisha kugundishwa kwa saruji, nguzo zinazoingizwa kwenye mzizi wa jino, na fremu za meno bandia ya kuvaa na kuvua. Amalgamu ya zebaki, ile ya kijivu ambayo wengi wamezibiwa nayo, haimo katika kundi hili, maana yenyewe hushindiliwa ndani ya tundu ikiwa bado laini na kukazia humo humo.

Dhahabu safi ingeonekana kuwa jibu la wazi, kwa sababu haishiki kutu kabisa na huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, joto ambalo karakana ndogo inaweza kulifikia. Tatizo lake ni ulaini: taji la dhahabu tupu lingebonyea chini ya meno ya upande wa pili. Ndiyo maana huongezwa shaba, ambayo atomu zake ni ndogo kuliko za dhahabu, hivyo huvuruga mpangilio wa atomu za dhahabu na kuzizuia zisiteleze kwa urahisi. Hata ugumu huo fundi anaweza kuuongoza. Aloi yenye shaba ya kutosha ikipashwa hadi karibu nyuzi 700 kisha ikatumbukizwa majini hubaki laini na rahisi kurekebishwa. Ikishikiliwa tena kwenye nyuzi 350 hivi kwa muda, atomu za dhahabu na shaba hujipanga kwa utaratibu maalumu na aloi ile ile hukaza. Platini na paladi hupandisha joto la kuyeyukia, na paladi hufifisha rangi ya njano haraka sana. Zinki kidogo hukamata oksijeni wakati wa kuyeyusha. Iridi ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote, kwa sababu sehemu 50 tu katika milioni moja hutosha kuzifanya chembe za aloi inayoganda ziwe ndogo na zilizosambaa sawasawa, jambo linaloongeza uimara bila kupunguza kinga dhidi ya kutu.

Kwa kuwa kazi hazilingani, kiwango cha kimataifa cha ISO 22674 huzipanga aloi kwa nguvu zake na si kwa majina ya metali zilizomo. Aina ya 1 inatakiwa kustahimili angalau megapaskali 80 (kipimo cha nguvu inayokandamiza au kuvuta eneo fulani) kabla ya kupinda bila kurudi katika umbo lake, nayo hutosha kwa kijazo kidogo kisichobanwa sana. Aina ya 2 ni 180, aina ya 3 ni 270, aina ya 4 ni 360, na aina ya 5 ni 500. Daraja la meno kadhaa huhitaji angalau aina ya 3, na fremu nyembamba ya meno bandia huhitaji aina ya 4 au ya 5. Nguvu ikizidi mahitaji si faida, kwani aloi ngumu mno husumbua kusugua na kung'arisha, na humnyima daktari nafasi ya kuufinyanga ukingo wa kazi uukumbatie mwili wa jino.

Nguvu, hata hivyo, si sharti la kwanza. Kinywa ni mahali pabaya kwa metali: kina chumvi, asidi za vyakula na za bakteria, joto la chai na baridi ya maji, vyote kwa zamu kila siku. Aloi inayoyeyuka humo hata kwa kiasi kidogo huachia ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kwenye fizi na kwenye mate. Njia za kuikinga ni mbili, nazo hutofautiana kabisa. Dhahabu, platini na paladi, ambazo huitwa metali aali, hukataa kwa asili yake kuungana na oksijeni. Kromi hufanya kinyume: huungana na oksijeni upesi sana, lakini oksaidi inayotokea ni utando mwembamba, mgumu, usiopitisha kitu, unaojirudisha wenyewe ukikwaruzwa. Aloi ya nikeli au kobalti isiyo na kromi ya kutosha, yaani karibu asilimia 20 na zaidi, haina ulinzi wa kuaminika.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mgawanyo uliotolewa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 1984, ambao bado unatumika. Aloi yenye asilimia 60 au zaidi ya metali aali, na ndani yake dhahabu isiyopungua asilimia 40, huwekwa katika kundi la juu. Yenye asilimia 25 au zaidi ya metali aali, bila sharti la dhahabu, huwekwa katika kundi la kati. Iliyo chini ya hapo ni aloi ya metali za kawaida. Fedha, pamoja na thamani yake sokoni, haihesabiwi kati ya metali aali kinywani, kwa sababu salfa iliyomo kwenye vyakula huifanya iwe nyeusi.

Ufundi wenyewe wa kusubu kwa nta ni wa kale sana kwa mapambo na sanamu, lakini uliingia katika meno kwa nguvu mwaka 1907, pale William H. Taggart, daktari wa meno wa Chicago, alipoonyesha namna ya kusubu vijazo vya dhahabu. Fundi huchonga umbo la taji kwa nta, hulizamisha ndani ya uji wa plasta yenye silika, huuacha ugande, kisha huuingiza katika tanuri mpaka nta iungue yote na kuacha uwazi. Aloi iliyoyeyuka husukumwa ndani ya uwazi huo kwa mashine inayozunguka kwa kasi. Lililowasumbua waliotangulia ni kusinyaa. Aloi ya dhahabu inapoganda na kupoa hupungua karibu asilimia 1.4, ambayo kwa taji la upana wa milimita 10 ni milimita 0.14. Tukikumbuka kwamba saruji nzuri ya kugundishia hutandazika hadi unene wa milimita 0.025, tunaona kwamba taji hilo lisingeingia kwenye jino hata kidogo. Dawa yake ni kuifanya kalibu yenyewe itanuke inapogandishwa na inapopashwa, kwa kiasi kile kile ambacho metali itasinyaa.

Hapo ndipo aina ya aloi inapoamua kila kitu kingine. Aloi za dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 900 hadi 1,000 hivi, nazo husubiwa katika kalibu ya plasta. Aloi za nikeli na za kobalti huhitaji nyuzi 1,300 hadi 1,450, joto ambalo plasta huvunjika na kutoa gesi za salfa zinazoiharibu metali, kwa hiyo hutumika kalibu iliyoshikamanishwa kwa fosfeti. Chungu cha grafiti, ambayo ni kaboni, kinachofaa kwa dhahabu hakifai kwa nikeli wala kwa paladi, maana metali hizo hunyonya kaboni hiyo na kuwa rahisi kuvunjika. Hata jicho la fundi hubadilika. Dhahabu iliyo tayari hujikusanya kuwa tone linalong'aa kama kioo na kutetemeka chini ya moto, lakini vipande vya kobalti na kromi hubaki vimefunikwa na ngozi ya oksaidi. Fundi anayesubiri ving'ae huwa ameviunguza. Inambidi aachilie mashine pale pembe za vipande zinapoviringana na kuanza kulegea.

Mahitaji yalizidi kuwa makali kauri ilipoanza kuokwa juu ya metali, kufuatia hataza za Marekani za mwaka 1962 zilizoeleza kauri na aloi za dhahabu zinazopatana. Kauri huokwa karibu na nyuzi 950, joto linaloweza kulilegeza taji la dhahabu ya kawaida. Aloi ya chini ya kauri lazima iyeyuke kwenye joto la juu zaidi, itoe oksaidi nyembamba ambayo kauri itaing'ang'ania, na isinyae zaidi kidogo kuliko kauri wakati wa kupoa, ili kauri ibaki imebanwa, kwani kauri huvumilia kubanwa lakini hupasuka ikivutwa. Kwa aloi za dhahabu, oksaidi hiyo hutokana na bati, indi au chuma vilivyoongezwa kwa kiasi kidogo kwa makusudi.

Bei nayo imeongoza mabadiliko mengi. Marekani ilipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu mwaka 1971, dhahabu, ambayo ilikuwa imeshikiliwa dola 35 kwa aunsi, ilipanda kwa kasi, na karakana zikageukia paladi, nikeli na kobalti. Paladi yenyewe ilivuka dola 1,000 kwa aunsi mwanzoni mwa 2001. Japani imekaa katikati kwa muda mrefu: bima yake ya afya ya umma hugharimia aloi ya fedha na paladi yenye dhahabu asilimia 12 tu.

Kobalti na kromi, kwa maoni yangu, hazistahili kuhesabiwa kuwa za watu wasiomudu dhahabu. Aloi hiyo, iliyoingia katika meno mwanzoni mwa miaka ya 1930, ina ukakamavu unaokaribia mara mbili ya ule wa aloi za dhahabu na uzito wa chini kwa kipimo kile kile, hivyo fremu ya kaakaa inaweza kuwa nyembamba na nyepesi bila kupinda. Udhaifu wake ni kwamba kishikizo, yaani mkono mwembamba wa fremu unaolikumbatia jino, kikikunjwa na kunyooshwa mara nyingi hukatika. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hutumika zaidi kwenye betri kuliko kwenye meno.

Nikeli inadai tahadhari zaidi. Ni miongoni mwa metali zinazosababisha mzio mara nyingi, na wanawake huathirika kuliko wanaume, hasa kwa sababu ya hereni za bei nafuu. Mtu ambaye masikio yake huwasha akivaa hereni kama hizo anapaswa kumwambia daktari wake kabla taji halijatengenezwa. Berili iliyokuwa ikiongezwa kwenye baadhi ya aloi za nikeli ili zimiminike vizuri ni hatari kubwa zaidi kwa fundi kuliko kwa mgonjwa, kwani vumbi lake likivutwa huharibu mapafu daima. Kusugua aloi kama hizo bila kifyonza vumbi ni jambo lisilokubalika.

Siku hizi fremu nyingi za kobalti na kromi hujengwa kwa unga unaoyeyushwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, bila nta wala kalibu. Njia imebadilika, ila mtengenezaji bado anatakiwa na kiwango kile kile cha ISO kutaja kila elementi inayozidi asilimia 1, kuitaja nikeli ikizidi asilimia 0.1, na kutozidisha asilimia 0.02 ya berili, kadimi au risasi. Karatasi yenye takwimu hizo huja pamoja na aloi mpaka karakana, na mgonjwa ana haki ya kuomba nakala yake iwekwe kwenye faili lake.