Je, wajua kwa nini begeli huchemshwa kabla ya kuokwa?

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka dogo la mikate tunalolipenda hapa Ntinda, Kampala, hushangazwa na jambo moja. Kando ya oveni kuna sufuria pana ya maji yanayotokota, na mwokaji anatumbukiza humo mikate mibichi yenye umbo la pete. Tumezoea mandazi yaingie kwenye mafuta na mkate uende moja kwa moja ovenini. Maji ya moto yanatafuta nini hapo?

Mikate hiyo ni begeli, na duka limepata jina mtaani kwa sandwichi zake: begeli yenye mayai, kabeji na nyanya kama za rolex (ile chapati ya kuviringishwa na mayai), begeli yenye samaki wa moshi aliyechanganywa na odii, rojo zito la simsim na karanga, begeli yenye ndizi ya gonja iliyochomwa na jibini laini. Wateja husifu vinavyowekwa ndani. Mimi nashikilia kwamba sifa ya kwanza ni ya ile sufuria, kwa sababu bila maji yake vingi vya hivyo visingefika mdomoni vikiwa vimetulia ndani ya mkate.

Unga wa ngano, kwa sehemu kubwa, ni wanga. Wanga mbichi ni chembechembe ngumu; zikipata maji na joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, hunyonya maji, huvimba, kisha hushikamana. Ndicho kinachofanya uji ulio mwepesi uwe mzito ghafla ukiwa jikoni. Begeli hukaa majini muda mfupi mno, nusu dakika hadi dakika moja na nusu, ikigeuzwa mara moja. Joto haliwahi kufika katikati. Ngozi ya nje peke yake ndiyo inayoiva na kuwa utando laini unaong'aa. Hamira iliyo karibu na ngozi hufa, lakini ya ndani bado ni hai.

Mkate wa kawaida ukiingia ovenini, ngozi yake bado ni mbichi na inavutika. Kwa dakika chache za mwanzo gesi iliyo ndani hutanuka, maji hugeuka mvuke, na mkate hupanda. Begeli nayo hutaka kupanda, ila ngozi yake imeshashika. Hupanda kidogo, hubanwa, na ndani hubaki vitundu vidogo vilivyosongamana. Ndiyo sababu ukiitafuna inakupa kazi.

Utando huohuo hunata, kwa hiyo simsim inayonyunyizwa juu haidondoki. Na kama maji yametiwa kimea au asali, ngozi hubeba sukari kidogo hadi kwenye oveni yenye joto la nyuzi 220 au zaidi, ambako sukari na protini hukutana na kutoa rangi ya hudhurungi na ile harufu inayovuta watu kutoka barabarani. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza mwitikio huo mwaka 1912. Waokaji wa New York hupenda kimea cha shayiri. Wa Montreal hutumia asali, na hilo limewafaa waokaji wetu, maana asali nzuri hapa Uganda haina shida kupatikana.

Wapo wanaouliza kama mwinuko wetu unaharibu kazi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka yakiwa na 93 hivi. Kwa maharagwe tofauti hiyo huonekana, lakini begeli haijali: wanga wake umeshaiva mbali kabla ya hapo.

Kinachoisumbua zaidi ni unga. Begeli hutaka unga wenye protini nyingi na maji machache, nusu lita au zaidi kidogo kwa kilo moja, na mikono iliyo tayari kukanda donge gumu. Ngano yetu inalimwa kwa uchache, hasa upande wa Sebei kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na sehemu kubwa ya tunayokula huagizwa kutoka nje. Bei ikitikisika huko itokako, pete hii hupungua unene. Baada ya kukandwa, donge hulazwa kwenye friji usiku kucha ili hamira ifanye kazi polepole na ladha ikomae. Asubuhi mwokaji hudondosha pete moja majini: ikielea, iko tayari, ikizama, inahitaji muda zaidi.

Mkate huu ni wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków, nchini Poland, za mwaka 1610 zinautaja, na wahamiaji waliupeleka Marekani na Kanada. (Abayudaya wa Mbale, Wayahudi wetu wa Uganda, hawatokani na uhamiaji huo; jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.) Huko New York begeli zilifinyangwa kwa mkono na waokaji wenye chama chao cha wafanyakazi, mpaka mashine ya Daniel Thompson ilipoanza kutumika viwandani miaka ya 1960. Viwanda vingi baadaye viliacha sufuria na kutumia mvuke. Matokeo yake ni pete laini, nono, isiyo na ngozi, na kwangu hiyo ni mkate wa kawaida wenye tundu.

Sasa rudi kwenye sandwichi. Nilipomuuliza mwokaji kwa nini hatumii mkate wa kukata, alinionyesha mayai yake. "Nyanya hizi zina maji, kaka. Mkate wa kawaida unayanywa yote kabla mteja hajafika steji ya boda." Vitundu vidogo vya begeli haviruhusu maji kupita haraka, na ngozi iliyochemshwa huzuia yaliyopita yasitoke nje. Hapo ndipo mbunifu anapopata uhuru wa kuweka vyenye mchuzi.

Uhuru huo una gharama. Ngozi ngumu hukataa kukatika, na ukiuma mbele, vya ndani vinatokea nyuma. Duka hili limelitatua kwa akili. Nusu mbili hukaushwa upande wa ndani tu, ngozi ikiachwa ilivyo. Kisha hupakwa kitu chenye mafuta, siagi, jibini au odii, kizuie maji na kushika kinachofuata. Mayai hukaangwa kwa upana wa begeli na kukunjwa, yasiteleze. Kabeji huja chini yake kuziba tundu la katikati. Samaki wa moshi ndiye aliyenivutia zaidi. Katika New York begeli huliwa na samoni wa chumvi, mwenye mafuta na ulaini wake. Samaki wetu wa moshi ni mkavu, na akiwekwa peke yake hukwama kooni. Odii, ambayo watu wa Acholi na Lango wameijua miaka yote, ndiyo inayompa ulaini aliokosa, na simsim ya juu ya mkate inakutana na simsim ya ndani. Sandwichi hiyo haijaiga mtu.

Ukienda, fika kabla ya saa nne asubuhi. Donge la begeli kwa kawaida halitiwi mafuta, au hutiwa kidogo sana, kwa hiyo ngozi hukakamaa mapema na kufikia jioni imekuwa ngumu. Iliyobaki mpaka kesho isipashwe kwenye maikrowevu, itakuwa kama mpira. Ikate, nyunyizia maji kidogo, iweke kwenye kikaango kikavu upande wa ndani ukiwa chini, kisha ndipo uanze kufikiria utaweka nini.