Mtoto aliyeandikishwa Januari analipiwa na bajeti ipi?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika mkoa wa Mwanza. Ile ya 2022 ikakuta watu 3,699,872. Wameongezeka zaidi ya laki tisa ndani ya miaka kumi, na mkazi wa Buhongwa, Kishili, Buswelu au Kiseke hahitaji takwimu kuambiwa hilo, kwani anaona nyumba zinavyopanda mlimani kila mwaka. Shule za serikali zinawapokea watoto wote hao, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachochelewa ni fedha, na sababu za kuchelewa kwake zinaeleweka na zinarekebishika.

Tuanze na ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi, kwa kuwa ndiyo inayogusa darasa kila siku. Kiwango chake kiliwekwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002: dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kilichotumika ni kiwango kile kile cha shilingi 10,000. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kupeleka fedha moja kwa moja shuleni ilikuwa hatua njema na tuilinde, maana mikono ya kupitia imepungua.

Lakini tupige hesabu. Kwa kiwango hicho, shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 inapata shilingi milioni 6 kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu atoe chaki, rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, bili ya maji, kitasa kilichong'oka na dawa ya kusafishia vyoo. Kila mtoto ana shilingi 500 kwa mwezi. Sasa waongezeke watoto 200 mwezi Januari, mgawo uendelee kuhesabu wale 1,000 wa zamani: laki tano ile ile inagawanywa kwa 1,200, na kila mtoto anabaki na kama shilingi 417. Hapo hakuna aliyeiba, wala mwalimu mkuu hajazembea.

Chanzo ni kalenda. Masomo yanaanza Januari, mwaka wa fedha unaanza Julai. Halmashauri huanza kuandaa makadirio miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani huyapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kisha Bunge huketi kuanzia Aprili. Kwa hiyo siku mtoto anapovaa sare yake ya kwanza, bajeti inayomhudumia ilikadiriwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Mahali ambapo idadi ya watu haibadiliki, pengo hilo halina uzito. Huku kwetu linaumiza.

Na pengo hilo linazibika kwa taarifa tulizonazo tayari. Mtoto atakayeingia darasa la awali miaka miwili ijayo yuko kwenye daftari la kliniki tangu alipochomwa chanjo ya surua. Idara ya ardhi inajua viwanja vilivyopimwa, na mwenyekiti wa mtaa anajua familia zilizohamia. Afisa elimu, mganga mkuu na afisa mipango wa halmashauri wakikaa meza moja mwezi Oktoba, makadirio yatakuwa ya watoto wanaokuja. Kisha mgawo uhakikiwe upya mwezi Machi, uandikishaji ukishatulia.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo mno. Jiji la Mwanza linafurika nje ya mipaka yake. Kisesa iko wilaya ya Magu na Usagara iko wilaya ya Misungwi, ingawa wakazi wake wengi riziki yao iko mjini. Mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba na ushuru anaulipa Manispaa ya Ilemela, huko huko mjini. Jioni anapanda daladala kurudi Kisesa, ambako mwanawe anasoma shule iliyo chini ya Halmashauri ya Magu. Mapato ya ndani yanabaki upande mmoja, madawati yanatakiwa upande mwingine. Naamini fedha za maendeleo kutoka Serikali Kuu zinapaswa kuzipa uzito wa pekee halmashauri zinazopokea wanaohama kutoka mjini, na mkoa ndio wenye nafasi ya kuisimamia hoja hiyo.

Visiwani hali ni nyingine. Mfuko wa saruji unaokwenda Irugwa au Ukara unalipiwa nauli ya majini, lakini makisio ya darasa ni yale yale ya mjini. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 wa 2021, kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20, bila kujali umbali wa kusafirisha mabati.

Maboma nayo yanauma. Wananchi wanachanga mawe, mchanga na nguvukazi, wanainua kuta hadi kwenye linta, halafu wanasubiri fedha za kupaua. Serikali imekuwa ikitoa shilingi milioni 12.5 kumalizia boma moja. Mvua za misimu miwili mitatu zikilikuta wazi, tofali zinaanza kumomonyoka na jasho la watu linapotea. Kabla ya kuanzisha msingi mpya, halmashauri imalize kwanza maboma yaliyosimama, kwa orodha inayojulikana na kila mtaa na kijiji.

Haraka hii ina sababu. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, sawa na wenzao wa darasa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, na kidato cha kwanza huhesabiwa wanafunzi 40 kwa chumba. Bajeti inayoanza Julai 2027 itawahi kulipa mafundi wa miezi sita tu, hivyo vyumba vingi lazima viingie katika ile ya mwaka mmoja kabla yake.

Mzazi anayo nafasi yake hapa. Mkutano wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mtaa nao una mkutano wake. Muulizeni mwalimu mkuu na kamati ya shule: ruzuku iliyoingia robo hii ni ya wanafunzi wangapi, na walioko darasani ni wangapi? Tarakimu hizo mbili zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, na diwani aingie nazo kwenye kikao cha bajeti.