Kangaruu ya mama na mtoto ni nini?

Kwenye wodi ya watoto njiti, neno hili hutajwa kila siku kama dripu au sindano: "Mama, leo amekaa kangaruu kwa muda gani?" Mama aliyejifungua juzi, kabla ya miezi yake kutimia, hubaki amemtazama nesi asijue ajibu nini.

Kangaruu ni kumbeba mtoto mchanga kifuani, ngozi yake ikigusana na ngozi ya mzazi, kwa saa nyingi mfululizo, huku akilishwa maziwa ya mama yake. Jina limetokana na yule mnyama wa Australia anayezaa mtoto mchanga mno, akaja kumkuzia ndani ya mfuko wa tumboni.

Utaratibu huu ulianza mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache, yaani mashine za kuwatunzia watoto joto, watoto wakilazwa kwa kubanana na kuambukizana maradhi, ndipo akawapa mama zao wawabebe vifuani. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini mpaka leo kwamba kangaruu ni ya hospitali zisizo na mashine. Sivyo kabisa. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie kwanza, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa walifariki karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo hupoa upesi, na kifua cha mzazi humtunzia joto. Lakini kuna jambo la pili, nalo halionekani kwenye kipimajoto: kifuani hapo ndipo mzazi na mtoto wanapozoeana. Na hapo kazi kubwa ni ya muuguzi.

Mtoto wa kilo moja na robo anatisha. Ana mpira wa kulishia puani, ngozi yake nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Mama hunyoosha kidole, halafu hukirudisha. Si kwamba hampendi, anaogopa kumuumiza. Akiachwa na woga huo, ataishia kumchungulia tu kama mtoto wa watu. Nesi anayeijua kazi yake humvutia kiti, akamwambia: "Njoo mama, kaa hapa, umpokee mwanao."

Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande. Kidevu kisizame kifuani, maana njia ya hewa itabanwa. Kisha khanga au kitenge huzungushwa na kufungwa kwa kukaza, ncha ya juu ikiishia chini ya sikio la mtoto. Mama huegemea mto, hajilazi chali. Wakati wote huo mikono ya nesi iko juu ya mikono ya mama. Dakika chache baadaye mtoto hutulia, na mabega ya mama nayo hushuka.

Maneno nayo yana uzito. "Mwanao amekusikia, ona alivyofumbua macho" humjenga mama kuliko kuambiwa gramu zimeongezeka. Vivyo hivyo kumwachia abadilishe nepi, na kumwonyesha namna ya kukamua maziwa, ili ajue kuna kitu mtoto anakipata kwake peke yake.

Baba asiishie dirishani. Mama akiwa bado anauguza mshono wa upasuaji, kifua cha baba kinafaa vizuri tu. Bibi naye anaweza kushika zamu mama akaoge.

Kinachonisikitisha ni wodi ambako mama hulazwa jengo jingine, akaitwa kila baada ya saa tatu kulisha, kisha akaondolewa. Kwa ratiba hiyo saa 8 hazifiki, na mazoea hayajengeki. Kitanda cha mama kingekaa kando ya mtoto, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Wakiruhusiwa, kangaruu huendelea nyumbani, na kliniki hawaachi. Mwisho wake huutangaza mtoto mwenyewe, mara nyingi akikaribia kilo 2.5: hujinyoosha, huchomoa mikono nje ya khanga, hulia kila anapofungwa. Joto hilo sasa limemzidi.