Neopanismo: wafanyabiashara wa Meksiko walivyogeuka magavana

Neopanismo ni jina la wimbi la wafanyabiashara wa Meksiko waliojiunga na chama cha upinzani cha PAN miaka ya 1980, wakagombea umeya, ugavana na hatimaye urais. PAN ilikuwepo tangu 1939, ikiongozwa zaidi na mawakili na Wakatoliki waliozoea kushindwa. Hawa wageni, wengi wao wa kaskazini, walikuja kushinda.

Kabla ya hapo palikuwa na maelewano yasiyoandikwa popote: PRI, chama tawala, kishike siasa, matajiri washike biashara. Tarehe 1 Septemba 1982, nchi ikiwa imelemewa na madeni, Rais José López Portillo alitaifisha benki binafsi. Wiki chache nyuma, akaunti za dola zilikuwa zimegeuzwa za peso, mwenyewe apende asipende. Mwenye kiwanda aliyedhani siasa hazimhusu akapata jibu lake.

Manuel Clouthier, mkulima mkubwa wa Sinaloa aliyewahi kuongoza umoja wa waajiri, ndiye aliyewavuta wengi. Miongoni mwao alikuwa Vicente Fox. Fox aliingia Coca-Cola mwaka 1964, akizunguka na lori la kusambaza soda, akapanda hadi kuiongoza kampuni hiyo nchini Meksiko. Mwaka 1979 aliacha kazi, akarudi Guanajuato kwenye biashara za familia. Mwaka 1988 akawa mbunge, na kikao cha kuidhinisha ushindi wa urais wa Carlos Salinas wa PRI, uliodaiwa kuwa wa wizi, kilimkuta amejitundika karatasi za kura masikioni, kumkejeli Salinas kwa masikio yake makubwa. Adabu za ofisini alikuwa ameziacha huko huko.

Mwaka 1991 aligombea ugavana wa Guanajuato. Ushindi ukatangazwa wa PRI, watu wakaandamana, na aliyetangazwa hakuapishwa. Hata hivyo Fox hakupewa kiti. Kiti alipewa mwanachama mwingine wa PAN, Carlos Medina Plascencia, awe gavana wa muda. Fox alisubiri hadi 1995 ndipo akashinda.

Wa kwanza kuvunja mwiko, lakini, hakuwa yeye. Ni Ernesto Ruffo, mtu wa kampuni ya uvuvi aliyekuwa meya wa Ensenada, ambaye mwaka 1989 alichukua jimbo la Baja California na kuwa gavana wa kwanza asiye wa PRI tangu chama hicho kianzishwe. Jimbo lake lilitoa kadi za mpiga kura zenye picha kabla ya serikali kuu kufanya hivyo. Hapo ndipo ugavana ulipokuwa na thamani kwa watu hawa: gavana ana bajeti, polisi na miaka sita, ingawa haruhusiwi kurudia kiti. Mpinzani aliweza kuonyesha kazi badala ya kuhutubia tu.

Fox alitangaza nia ya urais mwaka 1997 akiwa bado gavana, na wafuasi wake wakaunda mtandao wa kampeni nje ya chama, jambo lililowaudhi wakongwe wa PAN. Tarehe 2 Julai 2000, siku aliyotimiza miaka 58, aliiangusha PRI iliyotawala tangu 1929. Baadhi ya mawaziri wake walitafutwa na kampuni za kuajiri mameneja. Bungeni, hata hivyo, hakuwa na wingi wa viti, na pendekezo lake la 2001 la kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye chakula na dawa likakwama.